UZI: Kambi ya ndege za kivita ya Greenham Common, ilianza malishoni ikaishia malishoni

Mtu wa Pangani

Wakuu salaam. Leo sina siasa wala mambo ya Simba na Yanga, nimeoga nimetulia na chai yangu nikaona nishushe huu uzi maana kuna mtu nilimuahidi toka mwaka jana na kila siku ananikumbusha kama deni la vikoba.

Niko huku Uingereza mwaka wa sita, kazi yangu kutunza wazee majumbani, mnaijua wenyewe, asubuhi unaogesha mtu, mchana unampa dawa, jioni unasikiliza stori zake. Mizunguko yangu ni Reading, Thatcham na Newbury. Sasa pembeni ya Newbury kuna uwanda mmoja mkubwa juu ya kilima, tambarare kama meza. Mara ya kwanza kwenda ilikuwa mwezi wa nne, kajua kametoka kidogo, nafungua mlango wa gari tu nikapigwa na harufu ya nazi. Wallahi nazi. Sio ya sabuni, nazi iliyokunwa sasa hivi. Nikageuka huku na huku kutafuta nani anapika, hakuna mtu hakuna nyumba, ni vichaka vya miba vyenye maua ya njano mpaka macho yanachoka. Kumbe ni yale maua. Mimi ni mtu wa Pangani, kwenye nazi sidanganywi, lakini siku ile nilidanganyika.

Nikatembea. Mbele nakuta ng'ombe wamejilaza juu ya zege, zege pana kuliko barabara yoyote niliyowahi kuona. Mbele kidogo kuna mnara wa kuongozea ndege. Halafu kule vichakani kuna dude la chuma limepata kutu limekaa kwa umbo la ndege, pembeni ya maji, halina injini halina viti, ni bomba tu lenye mabawa. Nikajiuliza ng'ombe na ndege wapi na wapi. Hapo ndo nilipoanza kuchimba.

Pale panaitwa Greenham Common. Hii kambi imebeba vita kuu ya pili, vita baridi, makombora 96 ya nyuklia, wanawake waliokaa nje ya geti miaka 19, na kuna kipande kinachotuhusu sisi wa Afrika Mashariki ambacho sijawahi kuona mtu anakiongelea. Nakuja.

Chai Maziwa

Nishakaa siti ya mbele na karanga zangu. Usije ukatuacha njiani kama uzi wa meli ya MV Liemba.

Fundi Redio

Naweka kambi hapa. Endelea mkuu.

Mtu wa Pangani

Haya twende.

Kwanza muelewe neno "common". Kwa Waingereza kuna ardhi ya namna hiyo toka enzi za kale, mwenye ardhi yupo, lakini wenyeji wa pale wana haki ya kulisha mifugo, kuokota kuni, kukata majani. Haki yenyewe inakaa kwenye nyumba, ukinunua nyumba fulani unaipata pamoja na bati lake. Lishikeni hili maana mwisho wa stori ndilo linakuja kuwaumbua wakubwa.

1941 serikali ikachukua uwanda kwa ajili ya vita, 1942 uwanja ukafunguliwa, na kuanzia mwishoni mwa 1943 wakaingia Wamarekani. Usiku wa tarehe 5 Juni 1944, siku moja kabla ya wao kushuka Normandy, pwani ya Ufaransa iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani, ndege za C-47 zilipaki pale mistari kwa mistari zinapakia askari wa miamvuli wa divisheni ya 101. Jenerali Eisenhower, mkuu wa operesheni nzima, alienda mwenyewe jioni kuongea nao. Ile picha yake amesimama na vijana wamejipaka masizi usoni, mnayoiona kila mwaka ikifika Juni, ndo pale. Na huyu baba alikuwa tayari ameandika kikaratasi akaweka mfukoni, kwamba operesheni ikifeli lawama zote ni zake peke yake. Kwa presha aliyokuwa nayo tarehe aliiandika Julai badala ya Juni. Huwa nakiwaza sana hicho kikaratasi. Bosi wangu akikosea ratiba lawama zinaanzia kwangu.

Vita vikaisha, 1946 wakafunga, watu wakajua mambo yamekwisha, uwanda wao unarudi. Wapi. 1951 vita baridi imepamba moto Wamarekani wakataka kurudi, wenyeji wa Newbury wakaandika barua wakalalamika na haikusaidia kitu. Safari hii ukajengwa uwanja hasa, njia ya kurukia ndege kama mita 3,000, urefu uleule wa njia kubwa ya pale Julius Nyerere Dar, moja kati ya ndefu kabisa Ulaya nzima. Wa nini? Wa ndege aina ya B-47, mabomu ya nyuklia, na safari zote zinaelekezwa Moscow.

Tarehe 28 Februari 1958 ndo ikatokea balaa. B-47 moja imeruka tu ikapata hitilafu, rubani ikabidi aangushe matenki mawili ya mafuta ya kwenye mabawa. Kulikuwa na eneo lililotengwa kwa ajili hiyo, hayakuangukia hapo. Moja likatua kwenye banda la ndege, jingine karibu na B-47 nyingine iliyopaki. Ule moto uliwaka masaa na masaa, watu wawili wakafa. Kama ile ndege ya chini ilikuwa na bomu au haikuwa nalo, maneno hayajaisha mpaka leo. Wanasayansi wa Aldermaston, pua na mdomo na pale, ndo wanapotengeneza vichwa vya nyuklia vya Uingereza, waliandika ripoti ya siri 1961 wakisema wameona dalili za urani kwenye majani ya miti kuzunguka kambi. Ripoti ikafichuka 1996. Hebu fikiria, miaka 35 watu wanaokota kuni. Baadae udongo ukapimwa upya na wataalamu wengine, wakasema hawakuona ushahidi wa ajali ya nyuklia. Mimi binafsi naamini hivyo vipimo vya baadae, lakini yule aliyefungia ripoti kwenye droo miaka yote hiyo asishangae watu wakiendelea kunong'ona.

Bwana Shamba 77

Sasa hao wenye nyumba zao na haki zao za kulisha walilipwa fidia au ndo ile kawaida "tunachukua kwa maslahi ya taifa"?

Mtu wa Pangani

Bwana Shamba umeshaiona mbali. Subiri usiharakishe, hilo ndo tamu ya uzi.

Kabla ya huko naomba nipite Uganda.

Ndege za mabomu ziliondoka 1964, kambi ikawa ya akiba, nyumba tupu, mabweni tupu. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin akatangaza Wahindi waondoke ndani ya siku 90. Kama elfu 28 hivi wakaja Uingereza. Serikali ya huku ikaunda bodi ya kuwapokea, ikafungua kambi 16, nyingi zikiwa kambi za jeshi zisizotumika. Mojawapo ni hii hii Greenham Common.

Hili sikulisoma popote. Nililipata kwa mzee mmoja niliyekuwa namtunza, Mhindi mzaliwa wa Jinja. Siku ya kwanza nimeingia kwake naongea kwa simu na ndugu yangu, nimekata tu simu nasikia sauti kutoka kwenye kochi: "Wewe kijana toka wapi, Tanganyika?" Nilitaka kuangusha sinia. Kiswahili chake ni kile cha dukani, "lete ile sukari", "ngoja mimi nafunga mlango", lakini kinatiririka, na miaka hamsini amekaa nacho kifuani hana wa kuongea nae.

Akanambia walishushwa kwenye ndege, wakapandishwa basi usiku, wakafikishwa mahali pana upepo hajawahi kuuona. Kuna kina mama wa kujitolea wanagawa makoti ya mtumba. Yeye akapata la kike lenye manyoya shingoni, akalivaa hivyohivyo kwa sababu baridi haina aibu. Chakula ni viazi vya kuchemsha na kabichi. Kitu cha kwanza watu walichokuwa wanaulizia pale kambini, kabla ya kazi na kabla ya shule za watoto, ni pilipili. Alikuwa anacheka akisimulia lakini mkono wake mmoja unashikilia mkono wa kochi muda wote.

Halafu kuna hii ya Leicester. Halmashauri ya mji ilinunua nafasi kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia Wahindi wa Uganda jamani msije kwetu kumejaa. Leo nenda Leicester ukaangalie maduka ya nani.

Nairobi Mtaani

Eish hii ya Wahindi wa Uganda kwa base ya nuclear sikuwa najua kabisa. Boss umenifungua macho. Na huyo mzee bado ako?

Mtu wa Pangani

Ametangulia mbele ya haki mwaka juzi. Mwezi wa tano kabla ya hapo nilimpeleka pale kwa kiti cha magurudumu siku ya mapumziko yangu, binti yake alikubali. Tumefika karibu na vile vichaka akanyamaza, akavuta pua, akaniangalia. "Nani napika?"

Sikumjibu, nilicheka mpaka nikalazimika kushika kiti kisiteremke.

Tuendelee.

1979 mwezi wa 12 NATO wakaamua kuleta makombora mapya Ulaya kwa sababu Warusi walikuwa wameshapanga ya kwao ya SS-20. Juni 1980 waziri wa ulinzi wa Uingereza, Francis Pym, akatangaza kwamba makombora 96 ya Kimarekani yatakaa Greenham Common. Wenyeji wengi walipata habari kwenye redio kama mnavyopata nyie habari za kupanda kwa nauli.

Sasa hesabu yake. Kombora lenyewe linaitwa cruise, linaruka chini chini kama ndege isiyo na rubani, linafika kama kilomita 2,500. Kichwa chake kinaweza kupanda mpaka kilotani 150 hivi, yaani Hiroshima kumi kwenye kitu unachoweza kukizunguka kwa hatua chache. Gari moja linabeba manne. Magari manne yanafanya kikosi kimoja, makombora 16, na kila kikosi kimejengewa handaki lake la zege na chuma limefukiwa kwa udongo na majani juu. Mahandaki sita. 16 mara sita, 96. Ukiyaangalia leo kwa mbali yanafanana na makaburi ya wafalme, vichuguu sita vimejipanga.

Na hayakujengwa yafyatuliwe pale ndani. Mpango ni vita ikikaribia magari yatoke getini usiku, yatawanyike misituni. Kwa hiyo ili wafanye mazoezi lazima wapite barabarani, kwenye barabara hizihizi mimi nazopita na ka-Corsa kangu kwenda kumpa bibi wa watu uji. Hapo ndo wakajichongea, kwa sababu nje ya geti kulikuwa na watu wanaohesabu kila gari linalotoka.

Chai Maziwa

Wanawake hao sasa wanaingia. Kina dada njooni.

Mtu wa Pangani

Wanaingia.

Agosti 1981 wanawake 36 wakatoka Cardiff kule Wales kwa miguu, baadhi na watoto, na wanaume wachache wa kuwasindikiza, kama kilomita 190, siku kumi barabarani. Walifika Greenham tarehe 5 Septemba, wakataka mdahalo wa televisheni na serikali. Wakapuuzwa. Baadhi wakajifunga minyororo kwenye fensi. Wakaendelea kupuuzwa. Basi wakasema hatuondoki, na kweli hawakuondoka, wengine wakaja, na mwanzoni mwa 1982 wakaamua kambi iwe ya wanawake tu.

Kila geti walilipa rangi. Geti kuu la njano, kuna la bluu, la kijani, la machungwa, na kadhalika, na kila geti na tabia yake, wa kijani hawataki kuona mwanaume kabisa hata wa kuleta mkate. Walilala kwenye vibanda vya fito zilizokunjwa na nailoni juu, kama vile vya wavuvi wa dagaa lakini kwenye theluji. Maji ni bomba moja la barabarani, umeme hakuna. Madalali wa mahakama wakija kuwafukuza wanakuja na gari la taka lenye meno, linasaga mablanketi, sufuria, kila kitu. Gari likiondoka wanaanza upya. Kuna vipindi walikuwa wanavunjiwa kila siku ya Mungu.

Tarehe 12 Desemba 1982 wanawake elfu 30 walishikana mikono wakaizunguka kambi nzima, fensi ya maili tisa. Waliitundika nguo za watoto wachanga, picha za familia, hata gauni la harusi. Tarehe mosi Januari 1983, kabla hakujapambazuka vizuri, wanawake 44 wakaweka ngazi, wakatandika mazulia juu ya seng'enge, wakaruka ndani, wakapanda juu ya mahandaki ambayo bado yalikuwa yanajengwa, wakashikana duara wakacheza. Karibu saa nzima wanacheza ngoma juu ya nyumba ya nyuklia na askari wanatazama hawajui waanzie wapi. 36 kati yao wakaenda jela siku 14. Na mwezi wa nne mwaka huohuo kundi jingine likaingia limevaa mavazi ya madubu, yale ya kuchezea watoto, eti wamekuja pikiniki. Mimi ukiniuliza, hili la madubu lilikuwa shambulio baya kuliko la ngazi. Askari umemfundisha miaka kupambana na Mrusi, unamletea dubu mwenye kikapu, amkamate vipi bila kuchekesha?

Makombora yalifika hata hivyo. 14 Novemba 1983.

Nairobi Mtaani

Hii inanikumbusha wale wamama wa Uhuru Park 1992, mama za wafungwa wa kisiasa na Wangari Maathai, pale Freedom Corner. Polisi walikuja na rungu na teargas, wamama wakavua nguo. Kuna vitu askari hajafunzwa.

Fundi Redio

Mkuu Pangani uzi mzuri lakini tusidanganyane. Makombora yalitolewa na Reagan wa Marekani na Gorbachev wa Usovieti kwa kalamu, 1987. Wale kina mama hata wangecheza mpaka kesho. Mnapenda kupamba hizi harakati.

Mtu wa Pangani

Fundi nakukubalia nusu. Mkataba wa INF, ule wa kufuta makombora ya masafa ya kati, ulisainiwa Washington tarehe 8 Desemba 1987, ndo ulioyaondoa, hilo halina ubishi. Makombora yakaanza kutoka 1989, la mwisho likaondoka tarehe 5 Machi 1991, na wakaguzi wa Kisovieti walikuwa wanaingia Greenham kwa geti kuhesabu, yaani watu walewale ambao hilo zege lote lilimwagwa kwa ajili yao, wanakaribishwa. Sitakuambia kina mama walimshika Gorbachev mkono.

Ila mimi kinachonivutia sio kombora, ni ardhi, na kwenye ardhi hapo Fundi utanisamehe, Reagan hayumo wala Gorbachev.

Iko hivi. Wanawake walikuwa wanakata fensi kila wiki, wanashitakiwa. Mwaka 1985 wizara ya ulinzi ikatunga sheria ndogo za kambi, ukiingia bila ruhusa ni kosa. Wanawake kwa mamia wakapigwa faini, wengine wakafungwa. Sasa zile sheria ndogo zilitungwa chini ya sheria mama ya mwaka 1892 ya ardhi za jeshi. Hiyo ya 1892 ina kasentensi kamoja, kwamba waziri haruhusiwi kutunga sheria ndogo inayominya haki za wenyeji za kwenye common. Mnaona? Zile haki za kulisha ng'ombe. Kambi imekaa pale miaka na miaka, fensi, mbwa, mabunduki, na muda wote huo kuna wenyeji zaidi ya 60 haki zao zipo kisheria, hakuna aliyezifuta. Waliosahau ni wizara.

Wanawake wawili, Jean Hutchinson na Georgina Smith, walishitakiwa kwa kuingia kambini, wakasimama na hoja hiyo. Wao wenyewe sio wenyeji, hawana hata mbuzi. Wakashinda ngazi moja wakashindwa nyingine, mpaka Julai 1990 majaji wa Baraza la Malodi, ndo ilikuwa mahakama ya mwisho enzi hizo, wakasema zile sheria ndogo ni batili. Batili toka siku ya kwanza. Miaka mitano ya kukamata watu kwa sheria ambayo kisheria haikuwepo.

Hebu jiulize, nchi ina nyuklia, ina manowari, inaangushwa na haki ya ng'ombe kula majani.

Bwana Shamba 77

HAPO SASA. Nimesimama kwenye kiti. Huku kwetu ungeambiwa wewe ni mvamizi na ng'ombe wako wanapigwa mnada.

Chai Maziwa

Na mimi nilidhani wamekaa tu wanaimba. Kumbe wana mawakili.

Mtu wa Pangani

Chai, walikuwa wanajitetea wenyewe mara nyingi, ndo shule yao ilikuwa mahakamani. Na kuna kesi nyingine naipenda zaidi. Walijiandikisha kupiga kura, anuani wakaandika kambini pale, kwenye vibanda vya nailoni. Watu wa Newbury wengine hawakuwapenda kabisa, kuna maduka na baa zilikuwa haziwahudumii, wakapinga, mtu anayelala kichakani tena kinyume cha sheria anapigaje kura hapa? Mahakama ya Rufaa 1985 ikasema anaishi pale, anapata barua pale, analala pale, apige kura. Kwa hiyo serikali inawavunjia nyumba asubuhi na kuwatumia kadi ya kura jioni.

Haikuwa mchezo lakini. Agosti 1989 binti wa Kiwelshi wa miaka 22, Helen Thomas, aligongwa na gari la polisi la kubebea farasi pale nje ya kambi akafa. Kuna bustani ndogo ya kumbukumbu sasa, mawe yamesimama duara, na jina lake lipo.

Fundi Redio

Sawa hapo kwenye sheria umenikamata. Nakubali. Sasa baada ya Wamarekani kuondoka ikawaje, wakajenga nyumba za kuuza? Maana ardhi ya London na pembeni yake ni dhahabu.

Mtu wa Pangani

Wamarekani walirudisha funguo Septemba 1992. Mwaka uliofuata ikatangazwa inauzwa, na hapo ndo kila mtu aliingia na ramani yake. Bwana Shamba uliuliza habari za fidia, hapa ndo inarudi, maana huwezi kuuza ardhi yenye haki za watu 60 juu yake kama unauza kiwanja cha Kigamboni. Mwisho wakaunda taasisi ya pale pale, 1997 ikanunua kambi yote kwa pauni milioni 7. Upande wenye majengo wakaufanya eneo la biashara na viwanda vidogo, kodi yake inaenda kwenye miradi ya jamii. Ule uwanda wenyewe, ile common, wakaiuzia halmashauri kwa pauni moja. Moja. Bei ya soda.

Njia ya kurukia ndege ikavunjwavunjwa, kifusi chake kikaenda kutandikwa chini ya barabara mpya ya kuukwepa mji wa Newbury, iliyofunguliwa 1998. Kwa hiyo leo malori yanapita juu ya zege lililotandikwa kwa ajili ya mabomu ya kupeleka Moscow na dereva anasikiliza mpira. Kipande cha katikati wamekiacha, ndo hicho nilichokuta ng'ombe.

Fensi iliondolewa na uwanda ukafunguliwa kwa watu Aprili 2000. Wanawake wa mwisho waliondoka Septemba 2000, tarehe 5, miaka 19 kamili toka wale wa Cardiff walipofika. Watu huuliza kwanini walikaa miaka tisa baada ya makombora kuondoka, mimi nadhani jibu ni fensi, walikuwa hawajaiona ikishuka. 2002 Bunge likapitisha sheria ya kurudisha zile haki rasmi. Mahandaki sita yamebaki, yanalindwa kama kumbukumbu ya taifa toka 2003, yana fensi yake peke yake, na filamu moja ya Star Wars ilipigwa pale 2014. Mnara wa kuongozea ndege umefunguliwa 2018, ndani kuna maonyesho na mgahawa.

Lile dude la chuma lenye kutu? Lilikuwa ndege ya bandia, zimamoto wanaichoma wanafanya mazoezi ya kuzima. Toka 1958 nadhani waliona umuhimu.

Nairobi Mtaani

Na INF yenyewe si ilikufa?

Mtu wa Pangani

Ilikufa. Agosti 2019 Marekani ikajitoa rasmi, kila upande unamlaumu mwenzake. Mahandaki bado yapo yanasubiri mgeni. Natania. Nusu natania.

Chai Maziwa

Ng'ombe nao ni wa nani? Wanafungwa kamba? Mtu akiiba?

Mtu wa Pangani

Wa wale wale wenye haki, kila mmoja na alama yake sikioni. Hawafungwi, wanaingizwa majani yakianza kuota wanatolewa baridi ikirudi. Barabara ya kukatiza kule ina vibao vya kupunguza mwendo na bado madereva wanakoma, ng'ombe akisimama katikati amesimama, honi hazijui. Jioni ndo wanapenda lile zege, nadhani linatunza joto la jua, wanajipanga wanacheua hata hamsini, ukipita katikati yao hawakusogelei hawakukimbii.

Bwana Shamba 77

Mwakani nina safari ya London kwa mwanangu. Nafikaje?

Mtu wa Pangani

Karibu sana. Panda treni Paddington mpaka Newbury, hapo nijulishe nije kukuchukua. Usije na viatu vyeupe. Ukija mwezi wa nne maua yatakuwa yamefumuka yote, ila kula kabisa kabla hujatoka, maana ile harufu ukiwa na njaa ni mateso, na pale mgahawani wali wa nazi hawana, nilishauliza.